Nani atanilipia utafiti wa kodi ya majengo?

Msomaji ameniandikia hivi: "Mimi ni mthamini katika halmashauri moja ya Mkoa wa Pwani, huu ni mwaka wa tisa kazini. Mwaka jana nilisajiliwa shahada ya uzamivu hapa hapa nchini, kwa kujilipia. Mada yangu ni 'Mchango wa Kodi za Ardhi na Majengo katika Matumizi Endelevu ya Ardhi Mijini Tanzania'. Nimeziandikia taasisi kumi na moja za nje kuomba ufadhili. Mbili zimejibu, zote zimekataa. Msimamizi wangu ananiambia nisikate tamaa. Niombe wapi?"

Dada, pole kwa barua kumi na moja. Nitakutajia milango, lakini kwanza niruhusu nishike hiyo mada yako, maana nadhani ndiyo inayokukwamisha.

Nimewahi kukaa kwenye meza za kupitia maandiko ya kuomba fedha. Msomaji wa meza ile ana rundo la maandiko mbele yake, chai inapoa, na anatafuta sababu yoyote ya kuweka andiko lako upande wa waliokataliwa. Neno "mchango" linampa sababu hiyo. "Endelevu" linampa ya pili. Mada ya namna hii haina swali ndani yake. Ukishamaliza utafiti utajibu nini? Kwamba mchango upo? Hilo analijua hata kabla hujapanda basi kwenda uwandani.

Kuna la pili. Umeunganisha "kodi za ardhi na majengo" kana kwamba ni kitu kimoja, na wewe kwa kazi yako unajua usingizini kwamba sivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mwenye hati ni kama mpangaji wa dola. Ndiyo maana anachokilipa kinaitwa kodi ya pango la ardhi, na kinakwenda Wizara ya Ardhi, kwa kiwango kinachotegemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Kodi ya majengo ni habari nyingine kabisa: inatozwa jengo, haigusi ardhi iliyo chini yake. Mfadhili wa Ulaya au Marekani mara nyingi hajui hili. Kwake "property tax" ni ardhi na nyumba kwa pamoja. Ukimweleza tofauti hii kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sentensi tatu tu, tayari ameshajifunza kitu kutoka kwako, na atageuza ukurasa wa pili.

Ukitaka akae wima kabisa, mpeleke Nairobi. Kule kaunti inatoza "rates" juu ya thamani ya ardhi tupu, jengo halihesabiwi. Kwa miongo kama minne walitumia daftari la uthamini la mwaka 1980, na kwa sababu thamani zilikuwa za kale, kiwango kilipandishwa mpaka asilimia 34 ya thamani hiyo. Kwa hiyo una miji miwili mikubwa, Nairobi na Dar es Salaam, majirani, lugha moja mitaani: mmoja unatoza ardhi na kuacha nyumba, mwingine unatoza nyumba na kuacha ardhi. Na Rwanda nao, kwa sheria yao ya 2018, waliamua kwamba kiwanja kisichoendelezwa kitozwe nyongeza ya asilimia 100 juu ya kiwango cha kawaida. Hapo sasa matumizi ya ardhi na kodi yameshikana kweli, na hukulazimika kuandika neno "endelevu".

Sasa tuje kwenye swali la utafiti wako lenyewe. Utaniwia radhi, nitalitafuta kwenye karatasi ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla.

Nunua umeme wa shilingi 10,000 kwa mara ya kwanza mwezi huu, kwa mita ya nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kabla hujapewa hata uniti moja, 1,500 zimeshaondoka: kodi ya majengo. Kinachobaki ndicho kinachokatwa VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), halafu ndipo uniti zako zinahesabiwa. Ndani ya mwaka zimekwenda 18,000. Mfumo huu ulianza Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, ukapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Kwa nyumba za ghorofa mijini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa. Kabla ya hapo, kwa Dar es Salaam, mkusanyaji alikuwa halmashauri, akawa TRA mwaka 2008, zikarudishiwa halmashauri 2014, TRA tena 2016, ndipo ikaja mita. Mabadiliko manne ndani ya miaka 13. Watafiti wa nchi nyingine hungoja badiliko moja maisha yao yote.

Kisheria mlipaji ni mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni aliyemo ndani, na Dar es Salaam aliyemo ndani mara nyingi ni mpangaji. Je, anarudishiwa? Nani anarudishiwa na nani harudishiwi? Je, mwenye nyumba anayeishi uani pamoja na wapangaji wake hurudisha zaidi kuliko yule aliyeko Mwanza anayepiga simu kila baada ya miezi sita? Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, ile 1,500 inagawanywaje, na je, inamwangukia aliyepewa zamu ya kununua umeme tarehe 1? Haya ni maswali yanayojibika. Sikushauri uulize kama kodi hii imepandisha pango la chumba. Pango la chumba cha 50,000 hupanda kwa 10,000, halipandi kwa mia tano, kwa hiyo 1,500 hutaiona hata uchunguze kaya elfu mbili.

Vilevile usishawishike na ghorofa. Najua wazo limeshakujia: ukijenga kwenda juu unatozwa 90,000 kwa ghorofa, ukijitandaza chini unalipa 18,000, basi kodi inasukuma mji utambae kuelekea Chanika na Kibaha. Ni wazo zuri la kuongelea kwenye kahawa. Mtu mwenye fedha za kumwaga zege la ghorofa ya pili hasitishwi na 90,000, na msomaji wa andiko lako atakuuliza hivyo hivyo.

Swali ambalo ningekuwa wewe ningeliweka katikati ni hili: kiwango mfuto, yaani kilekile kwa kila nyumba, kinamsamehe nani? Nyumba ya vyumba viwili ya Mbagala na nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na bwawa zote ni 18,000. Freetown, Sierra Leone, walianza mwaka 2020 kuthamini majengo kwa pointi: walihesabu majengo kwa picha za setilaiti, kisha wakatoa pointi kwa paa, kuta, mahali, barabara inayofika na mengineyo, bila kumlipa mthamini aingie kila sebule. Wewe ni mthamini. Chukua kata moja ya matajiri na moja ya makabwela, thamini nyumba 400 kwa pointi na 60 kati ya hizo kwa uthamini kamili ili upime kosa la pointi, halafu onyesha nani angelipa zaidi, nani angelipa kidogo, na makusanyo yote yangekuwa kiasi gani. Mchumi wa Oxford hawezi kufanya kazi hiyo bila kukuajiri wewe. Ukubwa wa majengo utaupata bure: Google Open Buildings ina mipaka ya paa karibu bara zima, na Ramani Huria ilichora mitaa ya Dar es Salaam kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kuanzia 2015.

Fedha, basi. Kosa la barua zako, nina hakika, ni kuomba "ufadhili wa PhD" kwa ujumla wake. Mfadhili wa namna hiyo yupo kwa nadra, na huwa anamtaka mtu kabla hajasajiliwa. Aliyekwisha kusajiliwa anatafuta vifungu vitatu tofauti, kwa watu watatu tofauti: ada, fedha za uwandani, na muda wa kuandika. Ada ni ngumu kuliko zote kupata nje, maana hakuna mfadhili anayeona fahari kulipa deni la chuo. Hapo pambana ndani: mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, ambao jina lako halitaingia usipolipeleka wakati bajeti inaandaliwa, na miradi iliyopo chuoni. Sida, shirika la misaada la Sweden, kwa miaka mingi liligharamia wanafunzi wa uzamivu Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi kikiwemo, kwa mtindo wa kukaa huku na kule. Nafasi za namna hiyo hazitangazwi London. Zinabandikwa ubaoni au zinatumwa kwa barua pepe ya idara. Muulize msimamizi wako, na muulize kwa maandishi.

Fedha za uwandani ndizo zenye milango mingi. Nadhani moja ya barua zako ilikwenda Lincoln Institute of Land Policy, kule Cambridge, Massachusetts, kwa sababu kila anayetafuta ufadhili wa ardhi na kodi hufika pale kwanza. Mzizi wake ni mfuko ulioanzishwa 1946 na John C. Lincoln, mwenye viwanda wa Cleveland aliyemfuata Henry George, yule aliyehubiri kwamba kinachostahili kutozwa ni thamani ya ardhi, na jasho la mtu aliyejenga liachwe. (Nairobi wangemfurahisha, sisi tungemkera.) Ufadhili wao wa tasnifu wenye jina la C. Lowell Harriss ulikuwa dola 10,000, na ulikusudiwa hasa kwa waliosajiliwa vyuo vya Marekani. Wewe haukuhusu, kwa hiyo kukataliwa pale kusikuume. Kinachokuhusu ni miito yao ya mara moja moja ya mada maalumu, ambayo huwa wazi kwa watu wa nje. Kazi kubwa ya kuorodhesha kodi za majengo Afrika nzima ilifanyika kwa ushirikiano wao na African Tax Institute ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Pretoria ni mahali pa kutafuta msimamizi wa pili. Barua yako kwao isiombe fedha, iombe maoni juu ya ukurasa mmoja.

International Centre for Tax and Development, iliyoko chini ya Institute of Development Studies pale Brighton, imekuwepo tangu 2010 na kodi ya majengo Afrika ni moja ya mambo inayoyashughulikia. Kule Toronto kuna Local Government Revenue Initiative, walioshiriki kazi ya Freetown niliyoitaja. Hawa hutafuta mtu aliyeko ndani ya halmashauri kuliko wanavyotafuta mwanafunzi. Jitambulishe kama mthamini kwanza, mwanafunzi baadaye.

Karibu na nyumbani, CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandika tasnifu kwa watu wa sayansi za jamii. AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, ni ya wachumi na ina vyuo vyake vya mtandao, kwa hiyo kama idara yako si ya uchumi usipoteze wiki. Kwa kifungu cha tatu, muda wa kuandika, angalia ufadhili wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola) kama dirisha lao la kukaa Uingereza hadi miezi 12 bila kuhama chuo chako liko wazi mwaka huo. Tarehe zao za mwisho hufika mapema kuliko unavyodhani. Na chama cha African Real Estate Society huwa na kikao cha wanafunzi wa uzamivu kwenye mkutano wao wa mwaka. Hakitoi ruzuku, ila ndipo utakapokutana na wale watakaokuwa wasomaji wa andiko lako.

Umeona sijakutajia kiasi kikubwa popote. Sababu ni kwamba kazi yako ya uwandani si ghali. Hebu tupige hesabu ya mfano. Kaya 600 za wapangaji, kwa yale maswali ya nani anarudishiwa. Mdodosaji mmoja anamaliza kaya 6 kwa siku, hizo ni siku 100 za kazi: watu 5 kwa siku 20. Kwa 50,000 kwa siku ni 5,000,000. Nauli 10,000 kwa kila mmoja kwa siku, 1,000,000. Msimamizi wao siku 20 kwa 70,000, ni 1,400,000. Mafunzo na majaribio siku 3, 750,000. Mwenyeji wa mtaa wa kuwatembeza, mitaa 20, siku 2 kila mtaa kwa 15,000, ni 600,000. Jumla 8,750,000. Weka asilimia 10 ya dharura, unafika 9,625,000. Kwa dola ya 2,500 hiyo haifiki hata 4,000. Bajeti kama hii, iliyoandikwa mstari kwa mstari na kutaja mwenyeji wa mtaa, inamwambia mfadhili kwamba umeshatembea mitaani. Nimeona maandiko yanayoomba dola 40,000 ambayo hayana hata mstari wa mwenyeji.

Jambo la masurufu litakukuta. Ruzuku nyingi hupitia akaunti ya chuo, chuo kinakata tozo yake, nawe unapewa fedha kama masurufu ambayo lazima uyarejeshe kwa risiti ndipo upate awamu ya pili. Mwenyeji wa mtaa hana mashine ya EFD. Kubaliana na mhasibu, kabla, fomu ipi ya kusaini itakubalika. Mimi mwenyewe, wakati wangu, nilikaa wiki saba bila awamu ya pili kwa sababu ya saini za watu wanne waliotia dole gumba. Na fedha zilipotoka ilikuwa katikati ya masika, mtaa niliouchagua umejaa maji hadi dirishani. Kwa hiyo hesabu nyuma: usipange uwandani Machi hadi Mei, na usiende kuomba takwimu ofisi yoyote ya serikali Juni, mwezi wa kufunga mahesabu. Julai mwishoni hadi Oktoba ndiyo miezi yako.

Takwimu zenyewe ziombwe kabla ya fedha. Andiko lenye barua iliyogongwa mhuri kwamba utapewa takwimu fulani lina uzito kuliko kurasa kumi za nadharia. Kwa mwanafunzi wa ndani, chuo hutoa kibali cha utafiti, halafu barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, mwenyekiti. Kila kituo mhuri wake. Na hapa uwe mwangalifu kuliko mtafiti mwingine yeyote, kwa sababu wewe una nywila ya ofisini. Ulichokiona kazini si takwimu zako za utafiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mkurugenzi wako angekuwepo. Omba upya, kwa barua, kama mgeni, na omba bila majina: namba ya mtaa, aina ya jengo, kiasi, mwezi.

La mwisho ni la lugha, na usilidharau, maana limewahi kuharibu dodoso la mwanafunzi wangu mmoja hadi tukalitupa lote. Kiswahili kinaita "kodi" kile anacholipwa mwenye nyumba na kile inacholipwa serikali. Ukimuuliza mpangaji wa Mbagala "unalipa kodi ya nyumba?" atakujibu "ya miezi sita, nimeshalipa." Ukisema "kodi ya majengo" wengine watadhani unauliza yanayojengwa. Ukisema "kodi ya pango" umechanganya chumba chake na Wizara ya Ardhi. Sasa hivi namna inayoeleweka ni "ile inayokatwa kwenye LUKU". Tena, ukijitambulisha kuwa ni mthamini, mlango utafungwa nusu, kwa kuwa kwa watu wengi mthamini ni mtu wa fidia au wa bomoabomoa. Vaa kitambulisho cha chuo.

Anayenunua umeme kwa simu anabaki na meseji zenye kiasi alicholipa, na mara nyingi makato yameandikwa humo humo. Wapo wanaozifuta, wengi hawazifuti. Jaribu wiki hii kwa majirani zako kumi: usiulize swali lolote kwanza, omba tu kuona meseji ya umeme ya mwezi uliopita, kisha uliza nani alilipa na kama alirudishiwa. Andika majibu hayo kumi kwenye ukurasa mmoja, juu yake weka swali lako jipya, chini yake ile bajeti, halafu niletee niusome kabla hujautuma Pretoria.